Mlango wa Sita

Hati ya mauzo ilisema nyumba ina vyumba vitano. Mkunga, kama watu walivyozidi kumwita hata baada ya kustaafu, alivihesabu akapata sita. Akarudia kwa kugusa milango, mmoja baada ya mwingine. Sita. Akakunja hati, akaitia mkobani, akanyamaza. Bahati haiulizwi ilikotoka.

Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeingia kwenye nyumba ile. Kodi ya vyumba vitano ingetosha matengenezo na chakula chake cha uzeeni. Ya cha sita ingekuwa faida tupu. Vile vitano vilijaa ndani ya mwezi. Cha sita, mwisho kabisa wa korido, alikipaka rangi, akakifunga kwa kufuli hadi rangi ikauke.

Siku moja alipotoka kwake kuja kukusanya kodi, mpangaji wa chumba cha tano, fundi cherehani asiyeisha maneno, alimvuta pembeni.

"Mkunga, huyu jirani yangu umemtoa wapi? Msafi kupita kiasi. Kila adhuhuri anafagia."

"Jirani gani? Chumba kitupu kile. Ufunguo ninao mimi."

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi mimi simo. Ila ufagio nausikia. Na maziwa yanayoungua nayanusa."

Mkunga alikwenda akafungua. Sakafu aliyoiacha imejaa matone ya rangi ilikuwa inang'aa. Hewa ilikuwa baridi, na harufu ya maziwa ilimkaba koo. Kisha akafanya jambo alilokuja kulijutia kuliko yote: alifungua dirisha, akasubiri harufu itoke, akampangisha mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na mtoto wa kiume anayeanza kutembea.

"Hakina matatizo chumba hiki?" mwalimu aliuliza.

"Matatizo gani, mwanangu? Ndicho kisafi kuliko vyote."

Wiki ya pili mwalimu alimnong'oneza, huku akigeuka kutazama nyuma, kwamba mtoto anauchekea ukuta na kuunyooshea mikono kama anayetaka kubebwa. Mkunga akajibu kuwa watoto ndivyo walivyo. Ukweli ulimkwama kifuani kama mwiba wa samaki, lakini hakuutoa.

Jumamosi, jua likiwa utosini, fundi cherehani alimpigia simu. "Njoo! Njoo sasa hivi! Mlango haupo!"

Mwalimu alikuwa ametoka kuanika nguo, mtoto amelala kitandani. Aliporudi, korido iliishia kwenye ukuta. Mkunga alimkuta akiupiga kwa ngumi zilizochubuka, wapangaji wamejibanza nyuma yake, na kwa upande wa nje, palipokuwa na dirisha, palikuwa na matofali matupu. Na ndani ya ukuta ule mtoto alisikika. Halii. Anacheka.

"Leteni nyundo!" mtu alisema.

"Msiguse kitu," Mkunga alisema, akatoka mbio kama msichana. Aliyemuuzia nyumba, mwashi mzee aliyeijenga mwenyewe, alikaa mtaa wa pili.

Mzee alipomwona tu, alijua.

"Nilijenga vyumba vitano," alisema. "Kwa mikono hii. Cha sita nilikiona siku moja mchana, nikafungasha virago."

"Na bado ukaniuzia!"

"Na wewe ulivihesabu ukanyamaza." Aliinamisha kichwa. "Nilileta mganga. Alifika mlangoni akarudi nyuma. Akaniambia, huyu hafukuzwi, maana yuko kwake. Aliyeingia kwake bila hodi hana dawa ila kuomba radhi, tena kwa kusema kweli yote."

Mkunga alirudi. Akapiga magoti mbele ya ukuta, watu wote wakimsikia.

"Hodi, mwenye nyumba," alisema, akaeleza jinsi alivyoihesabu milango akaona imezidi na akaficha, na alivyoambiwa habari za ufagio na kuinusa harufu na akafungua dirisha ili mwingine asiinuse, na alivyomtazama mama machoni akamdanganya kwa sababu ya kodi, na kwamba chumba si chake, hakikuwa chake, hatakitaja tena kuwa chake, ila mtoto ana mama, na mama ni huyu hapa, hana kosa lolote, na kama kuna wa kubaki ndani basi abaki yeye mkunga.

Mwalimu alimgeukia polepole. Macho yake yalitosha.

"Karibu," sauti ilijibu. Ilikuwa ya mwanamke, tena ya upole.

Mlango ulikuwepo, kama haukuwahi kuondoka. Mkunga akaingia peke yake. Chumba kilikuwa kirefu kuliko nyumba nzima, na kule mwisho, mtu ameketi chini, amempa mgongo, anayumbayumba kama anayebembeleza. Kila alipopiga hatua baridi ilimpanda magotini, na harufu ya maziwa ikawa nzito hadi machozi yakamtoka, na hakuthubutu kutazama miguu ya yule aliyeketi, akanyoosha tu mikono yake iliyopokea watoto mia kadhaa duniani, akangoja. Mtoto akawekwa juu yake, wa moto, mzito, mdomo umelowa.

"Umechelewa," sauti ilisema bila kugeuka. "Nimeshamlisha."

Alipotoka, nyuma yake palikuwa ukuta.

Mwalimu alihama kabla jua halijazama. Alimpokonya mtoto wake bila kuaga, na Mkunga hakumlaumu.

Siku kumi na mbili baadaye simu ililia. Ni mwalimu, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama, mtoto hali. Tangu siku ile. Hagusi uji, hagusi maji, nyonyo ameikataa."

Mkunga alikaa chini. "Amekonda sana?"

"Hapana, mama," mwalimu alisema. "Ananenepa."