Jengo Lisilotikisika

Lori la saruji lilipita barabara ya Namanga, na vioo vya duka la ng'ambo vikalia. Ndani ya jengo la Hilowle, chai iliyokuwa mezani haikucheza hata kidogo.

Injinia Wamaitha aliitazama kompyuta yake. Mstari ulikuwa umelala.

Ilikuwa mwaka wa 2008, mtaa wa Noonkopir, Kitengela. Hilowle, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa amejenga ghorofa tatu kwa jasho la miaka kumi. Ufa ulipotokea kwenye nguzo ya chini, alimwita Wamaitha, naye akabandika visanduku sita kwenye nguzo. Havikuwa na waya. Kila kimoja kilihisi mtikisiko wa jengo na kuutuma kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta, na hapo mstari uliruka. Siku tatu za kwanza uliruka vibaya. Jumanne ukanyooka ghafla.

"Si hiyo ni nzuri?" Hilowle alicheka. "Nyumba imepona! Ijumaa namwoza binti yangu Khadra hapo juu, na niko na wageni sitini."

"Mzee, hata nyumba isiyo na ufa hutikisika lori likipita. Pengine hivi visanduku vimekufa."

Alibandua kimoja, akakigonga kwa ukucha. Mstari ukaruka. Akakirudisha mahali pake, kisha akaipiga nguzo kwa nyundo. Hakukutoka sauti yoyote, na mstari haukusogea. Aliweka kiganja kwenye zege. Lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, na harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani.

"Visanduku vinafanya kazi. Nguzo hii imevunjika ndani," alinong'ona. "Kuna kitu kimeishika."

Asho, mke wa Hilowle, alikuwa amesimama mlangoni na Khadra, ameshika karatasi ya majina ya wageni.

"Baba Khadra, nilikuambia ukanicheka," alisema. "Kila nikisoma jina la mgeni, huu ukuta unalirudia."

"Soma moja, mama," Wamaitha alisema.

Asho alitazama karatasi. "Fartun."

"Fartun," ukuta ulisema polepole. "Na watoto wake?"

Walitoka mbio, Wamaitha na kompyuta yake kwapani. Barabarani, mikono ya Hilowle ilitetemeka hata simu ikamponyoka mara mbili akimpigia sheikh wa msikiti.

Sheikh Jeylani alifika kabla ya adhuhuri. Alilitazama jengo kwa muda mrefu bila kulisogelea.

"Ni jini," alisema. "Amelishika mpaka lijae watu, ndipo aliachie. Nikimtoa sasa, jengo lako litaanguka, lakini litaanguka tupu."

"Sheikh, hiyo ni miaka yangu kumi."

"Na uko na Khadra wangapi?" Asho alimuuliza kwa sauti ya chini.

Hilowle alifumba macho. "Soma."

Sheikh akasoma aya, na mstari kwenye kompyuta ukaanza kucheza kidogo kidogo, kisha ukapanda na kushuka kama kitu kinachopigania pumzi, na kutoka ndani ya kuta ukasikika mngurumo ambao kila mtu aliusikia tumboni kabla ya masikioni, na madirisha yakafunguka yenyewe moja baada ya jingine kutoka juu hadi chini, mpaka nguzo zikapasuka na ghorofa zote tatu zikalaliana, na vumbi la moto likavuka barabara likawafunika.

Lilipotulia, hakuna aliyeumia. Khadra alilia kwa furaha. Wamaitha alifunga kompyuta.

Asho alimtafuta mumewe, akampata amesimama peke yake kando ya kifusi, mweupe kwa vumbi. Alimshika mkono ili amfariji. Ulikuwa wa moto, mzito, na haukutetemeka tena.

"Baba Khadra?"

Hilowle alimgeukia. Kifua chake hakikupanda wala kushuka.

"Harusi iko palepale," alisema. "Wote waje. Wakae karibu nami."