Zimwi Mwenye Koti Jeupe

"Wawili wapotee gizani, sawa. Lakini huyu wa tatu lazima ang'olewe meno yote!"

Foleni nzima ya duka la vifaa vya shule iligeuka. Shule zilikaribia kufunguliwa, duka limefurika wazazi, na dada mmoja mwenye gauni la kijani na hereni kubwa alikuwa akipanga unyama kwenye simu bila hata kupunguza sauti. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Samahani, dada," ikasema sauti nyuma yake. "Mtoto mwenyewe ana umri gani?"

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati limenyooshwa likanyooka, mkononi mabunda ya stika za nyota.

"Kumi na mbili. Kwani vipi?"

"Basi hayatatoka kirahisi. Magego yake yana mizizi. Mimi ni daktari wa meno ya watoto."

"Na mimi natunga hadithi za kutisha za watoto."

"Ala! Kumbe wateja wetu ni walewale."

Akacheka mpaka hereni zikacheza. Mapenzi hayana adabu. Yaliwashika palepale kati ya madaftari na gundi, na walipotoka kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Simu zikawa haziishi.

"Mchawi wangu, umekula?"

"Bado, laazizi. Nina zimwi hapa amekataa kutisha. Hivi wewe watoto unawatulizaje?"

"Siwadanganyi. Nikisema haitauma, halafu ikauma, nimempoteza. Namwambia itauma kidogo, nami nitamwambia kabla. Kisha naimba puani nikifanya kazi."

"Hebu imba."

Akaimba, midomo imefumbwa. Upande wa pili kalamu ilikuwa ikikimbia.

Waandishi ni wezi, tusidanganyane. Huyu alikuwa na desturi yake: kila sura mpya aliwasomea wanafunzi wa shule ya jirani, akakatiza penye kutisha zaidi ili azitazame nyuso zao. Wiki ile akawasomea habari za zimwi mwenye koti jeupe, anayekuja gizani akiimba puani, akitafuta meno. Akakatiza hapo. Watoto wakapiga mayowe kwa raha, naye akarudi nyumbani amefurahi, maskini.

Kesho yake msichana mmoja wa shule ile aliketi kwenye kiti cha daktari, shavu limevimba. Daktari akavaa glavu, akaanza kuimba. Mtoto aliruka, akaipiga teke trei ya vifaa, akatimua mbio hadi mapokezi.

"Ndiye! Ndiye zimwi!"

Habari zikaenea, mabenchi yakabaki matupu. Shangazi yake daktari, ambaye ndiye aliyekaa mapokezi, akamweleza watoto walikolitoa jambo hilo. Daktari akapiga simu.

"Umenifanya zimwi."

"Mpenzi, nisikilize, hadithi haijaisha..."

"Yule mtoto jino limetunga usaha, na amekataa kurudi. Akizidiwa je? Imani niliyoijenga miaka yote umeibomoa kwa hadithi. Usinipigie tena."

Mwandishi alilia mpaka macho yakavimba. Dada yake akamshauri amfute zimwi, aweke joka.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akajibu. "Nikimfuta, watabaki na ile nusu waliyoisikia."

Akamaliza sura. Kisha akaenda kumpigia magoti mama wa yule msichana, akamwomba amlete mtoto mpaka kwenye benchi la kliniki tu, asiingie ndani. Pale pale mapokezi, gauni limekunjamana na hereni amesahau, akasoma. Nyuma ya mlango daktari alisimama akisikiliza.

Kumbe watoto wa hadithi walikuwa wamemezwa na pango lenye meno. Zimwi aliyatafuta meno hayo ayang'oe, wapate pa kutokea. Na aliimba ili wajue yuko wapi gizani.

Msichana akashusha mkono shavuni. "Mbona hakusema mapema?"

"Kosa ni la mwandishi. Alikuwa na haraka ya kuwatisha."

Mtoto akafikiri. Kisha akainuka mwenyewe, akausukuma mlango. Daktari akafuta macho haraka, akamweka kitini, akafanya kazi kimya kimya, hathubutu hata kuguna.

"Imba," mtoto akasema, mdomo wazi. "Nisipokusikia naogopa."

Mtoto na mama yake walipoondoka, mwandishi alikuwa bado kwenye benchi.

"Ungeniomba," daktari akasema taratibu. "Ningekupa sauti yangu yote."

"Najua. Nisamehe, kipenzi. Nilikuwa nakuwaza kila nikishika kalamu, ukaingia mwenyewe."

Akaketi kando yake, glavu bado mkononi. "Mimi siibi. Naomba. Nikuoe?"

Mwandishi wa mambo yote ya kutisha akajifunika uso kwa karatasi zake.

"Mjibu basi, mwanangu!" sauti ikatoka kwenye meza ya mapokezi. "Kuna wagonjwa wanakuja!"

"Nimekubali, shangazi," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.