Barua za Baba Salumu Zilipitia Kwangu

Nina miaka ishirini na minne, na sijaolewa. Naandika haya chumbani kwetu Kariakoo. Nimeyafuta na kuyaandika upya sijui mara ngapi, maana mimi ni mtu wa kuogopa kukosea... Na bado nilikosea!

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, miaka ile biashara zilipofunguliwa na intaneti kafe zikaota kila kona. Nilipata kazi ya kuhudumia wateja katika kafe moja. Kukiwa kimya, nilisoma maelekezo ya barua pepe kwa kamusi, neno kwa neno. Wenzangu walijua kusoma na kujibu tu. Mimi niliigawa akaunti yangu kwenye folda, nikaiamuru izipange barua yenyewe kwa kuangalia anwani ya anayetuma. Nikajua hata kuvuta barua za akaunti ya mtu mwingine, ziingie kwangu.

Basi akaunti yangu ikawa kama sanduku la posta la mtaa mzima! Fundi cherehani alikuwa na folda yake, muuza redio na yake. Mtu akija, namfungulia folda, nainuka kwenye kiti, nampa mgongo asome. Sikuwahi kuchungulia.

Mmoja wao alikuwa dada Tausi, muuza vitenge, mkazi wa Magomeni. Akaunti aliyofunguliwa na mumewe ilikuwa ikijaa ovyo na barua zinapotea, nikaiunganisha na yangu. Akifika tu: "Mdogo wangu, Baba Salumu kaandika?" Jina la mumewe sikuwahi kulisikia, na anwani yake ilikuwa herufi na namba tu. Nilijua tu kwamba anafuata bidhaa Dubai.

Mimi nami nilikuwa na mchumba, Faraji. Naye alikuwa akifuata bidhaa Dubai... Mnashangaa sikushtuka? Kariakoo nzima siku hizo ilikuwa inaenda Dubai! Na anwani aliyoniandikia mimi ilikuwa nyingine kabisa. Jina lake sikumtajia mtu kafe, kwa kuogopa husuda.

Faraji aliniapia hajawahi kuoa. Wazee walioleta posa walikuwa wafanyabiashara wenzake, si ndugu zake. Baba akataka kumtuma mjomba aende anakoishi, akaulizie kwa majirani. Nilikataa! Nikamchapishia baba barua za Faraji, nimezipanga kwa tarehe, nikamwambia, "Baba, mtu mwenye mambo mawili anaweza kuandika hivi kila wiki?"

Baba akamwambia mjomba asiende. Laiti angenigombeza!

Harusi ikakaribia. Mchana mmoja dada Tausi akaingia na utani wake. "Bi harusi, mbona unakonda? Mwanamume anataka mahali pa kushika, ati!" Tukacheka hadi wateja wakageuka. Alikuwa ameshaahidi kusimamia pilau la harusi yangu. Nikamfungulia folda, nikampa mgongo.

Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma.

"Zuhura." Sauti haikuwa yake. "Huyo mchumba wako anaitwa nani?"

"Faraji, dada. Kwani vipi?"

"Njoo usome. Hii si yangu."

Barua ilianza kwa jina langu! Kule Dubai, Faraji alisahau kubadilisha akaunti. Akaniandikia mimi kwa anwani anayomwandikia mkewe. Akaunti yangu ikaitambua ile anwani, ikaitii amri niliyoipa mwenyewe, ikaitia barua kwenye folda ya dada Tausi. Humo alisema mimi ndiye mwanamke wa kwanza atakayeingia nyumbani kwake. Wa kwanza! Na Mama Salumu amekaa pale mbele yangu...

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulikuwa unajua?"

Nikaapa kwa Mungu sikujua.

"Wewe unayezipanga barua zangu zote, hukujua?"

Ningemwonyesha nini aniamini? Mtu anathibitishaje kwamba hakusoma? Alichukua mkoba wake, akatoka, kiti kikabaki kimegeukia mlango.

Faraji aliporudi aliniambia dini inamruhusu. Nikamuuliza, na uongo nao inauruhusu? Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akarudisha mahari mwenyewe kwa wale wazee wa bandia. Aliporudi aliniuliza tu kama nimekula. Ningeona afadhali anipige.

Nilimfuata dada Tausi Magomeni. Hakufungua mlango. Alinijibu dirishani. "Sina ugomvi nawe, mdogo wangu. Ila nikikuona wewe, namwona yeye. Nenda." Nilikwenda tena baada ya Idi. Dirisha halikufunguka.

Wadogo zangu mnaosoma haya, nawasihi. Kumpangia mtu barua zake si kumjua! Wazee wakitaka kuulizia, waacheni waende hadi mtaani kwake, wakae kibarazani na majirani, wanywe kahawa, wasikilize. Wakirudi na jibu baya mtalia, na machozi yatakauka. Mimi nilijiona nimesoma kuliko mjomba wangu...

Watu wananifariji kwamba mume nitapata mwingine. Huenda. Lakini dada kama yule, aliyekuwa tayari kunipikia pilau kwa mikono yake, nitampata wapi?