Mivuto Mitatu

Dakta Aikande Massawe alikuwa ameketi barazani, chai ya tangawizi kando yake, akipambana na samaki aliyekuwa maili arobaini mbali. Fimbo ilipinda mikononi mwake, gurudumu la mshipi likalia, na mabega yake ya miaka sabini na nne yakavutwa mbele. Lakini mbele yake hapakuwa na bahari, ila ukuta wenye maua. Ncha ya fimbo ile iliishia kwenye mtambo uliofungwa sakafuni. Kila alichofanya samaki kule, mtambo ulikirudia hapa. Kila alichofanya mama yule hapa, fimbo pacha ilikirudia kule, juu ya chombo kisicho na mtu.

Kiti chake kiliitwa kiti-mshipi, na klabu ya wavuvi wa starehe ya Mikindani ilikuwa na viti thelathini vya aina hiyo. Kila kiti kilikuwa na chombo chake baharini, chenye jina refu la kiofisi, lakini mji mzima ulikiita Kipofu. Hawakukosea. Macho yake yote yalitazama chini, waliko samaki. Juu ya maji hakikuwa na jicho hata moja, bali kihisi tu cha kukiambia kwamba kuna kitu kinakuja, na amri moja ya kufuata: kikwepe.

Aliyekibuni ni mhandisi Somoe Likwata, mzaliwa wa mji huohuo. Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa amejifungia katika chumba cha mitambo nyuma ya baraza, hajalala wala hajala. Kaka yake Mfaume alikuwa amepotea baharini tangu Jumapili. Mfaume na mwenzake Chande ndio watu wa mwisho waliokuwa wakienda huko wenyewe. Kazi yao ilikuwa kuwavisha samaki hirizi, vile vidude vidogo vya kurusha ishara vinavyokielekeza Kipofu. Jumapili ilipiga dhoruba ya ghafla, mashua yao ikanyamaza redioni, basi. Ndege za uokoaji zilitafuta siku tatu upande wa kaskazini, ambako mashine ya kukokotoa mikondo ilisema watakuwako. Jumatano zikarudi mikono mitupu. Mama yake Somoe na Zamda, mke wa Chande, walikuwa wamekaa mkeka mmoja siku zote hizo, wakilishana uji kwa kulazimishana.

Mashindano hayakusimamishwa. Katibu wa klabu alisema wageni wameshafika, na kwamba kusimamisha hakutamrudisha mtu. Somoe alitamani kumzaba kofi. Badala yake alipokea kazi aliyopewa, kwa kuwa kukaa bure kulikuwa kubaya zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtambua samaki wa Dakta Massawe. Jumatano saa tisa alasiri mama yule alipambana na kitu kizito kwa dakika kumi na moja. Kisha, alipohisi kinaanza kuchoka, akabonyeza kitufe cha kijani, akakiachia. Kuachia ndiyo heshima kubwa kwa wavuvi wa starehe. Kitufe hukata mshipi kulekule baharini, samaki akaenda zake, na baraza zima husimama kumpigia makofi mvuvi. Jana walipiga hasa, na barazani hapakuwa na hadithi nyingine. Lakini hakuna aliyemwona samaki huyo. Macho ya Kipofu yaliona kundi la fulusi tu, wale samaki wa rangi ya dhahabu na kijani. Katibu alitaka jina la kuandika ubaoni.

Somoe akafungua mchoro wa mvuto, mstari unaopanda samaki akivuta na kushuka akilegea. Michoro hiyo alikwisha kuisoma kwa maelfu. Jodari hupiga mbizi, na mstari husimama wima. Nduaro huruka, na mstari huwa meno ya msumeno. Huu haukuwa hivyo. Ulipanda mara tatu, vilima vitatu vinavyolingana, ukalala. Ukapanda tena mara tatu, ukalala. Tena mara tatu.

Samaki hahesabu.

Somoe aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka nyuma yake. Baba yao alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari, na kifua kilipomchoka alimshusha Mfaume, Somoe akabaki juu ya mtumbwi kuwa mshika kamba. Mvuto mmoja: niko hapa, salama. Miwili: legeza. Mitatu: nivute. Alimvuta kaka yake kutoka chini mara nyingi hata viganja vyake vikaota sugu.

Hapo mengine yote yakamjia kwa mpigo. Fulusi hupenda kivuli. Penye gogo, boya au tenga linaloelea, hujikusanya chini yake. Dakta Massawe alikuwa akivua fulusi mahali palepale kwa siku mbili, na hakuna aliyejiuliza kivuli kile ni cha nini.

Akatoka mbio hadi barazani.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Samaki wa jana ulimpatia wapi?"

"Marahaba, mwanangu." Dakta Massawe alicheka. "Unataka siri yangu hiyo! Hata marehemu mume wangu nisingemwambia."

Hakuwa akitania sana. Wavuvi hawa wangekutajia umri wao na magonjwa yao yote kabla ya kukutajia mahali wanapovua. Ndiyo maana Somoe mwenyewe aliweka kufuli: mahali pa kila kiti hufunguka kwa kiganja cha mwenye kiti peke yake, na hata mhandisi haoni.

"Mama, hakuwa samaki," Somoe alisema. "Alikuwa mtu. Nadhani ni kaka yangu. Aliushika mshipi wako kwa mikono yake."

Kicheko kilibaki kidogo usoni pa yule mama, kisha kikaisha.

Katibu alikwisha kuwafikia. "Mhandisi, siri ya kiti haifunguliwi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

"Niliiandika. Sasa ninyamazie."

Dakta Massawe alikuwa amepasua watu miaka arobaini, na hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alibandika kiganja juu ya kioo. Tarakimu zikatokea: kusini mashariki, maili arobaini na mbili. Siku tatu ndege zilikuwa zikizunguka upande mwingine kabisa.

Rubani wa uokoaji alisema dakika hamsini. Somoe akazima amri ya kukwepa, akakisogeza Kipofu taratibu mpaka ubavu wa kile kivuli, kisha akaomba mshipi uteremshwe bila ndoana.

"Nishike mimi au wewe?" Dakta Massawe aliuliza.

"Shika wewe, mama. Mimi nakiongoza chombo."

Wavuvi wote waliacha fimbo zao wakaja kusimama nyuma ya kiti. Kila fulusi alipougusa mshipi, fimbo ilishtuka, na Somoe akashtuka nayo.

"Mitatu?" Somoe aliuliza.

"Hapana. Mmoja tu."

Ikapita dakika ya kumi, ya ishirini. Dakika ya ishirini na sita fimbo ikainama, ikainuka. Ikainama tena. Ikainama mara ya tatu, kwa udhaifu, kama mkono wa mgonjwa unaogonga mlango.

"Yu hai!" Dakta Massawe alipiga kelele. "Mwanangu, yu hai! Nimvute?"

"Usivute. Wala usiachie. Shikilia hivyo hivyo." Somoe alikuwa akilia na kucheka. Aliweka mkono wake juu ya mikono ya yule mama, akavuta mara moja: niko hapa. Hata katibu alifuta machozi.

Ndege ikafika. Sauti ya rubani ikajaa barazani. "Mashua tumeiona. Imepinduka. Kuna mtu juu yake, kauzungusha mshipi mkononi."

"Mtu au watu?" Somoe aliuliza.

"Mmoja, dada. Anasema anaitwa Chande."

Rubani akaendelea polepole, kwa kuwa naye alikuwa akisimuliwa palepale. "Anasema kila wakiogelea kukifuata kile chombo, kilikuwa kinawakimbia. Jana Mfaume akaudaka mshipi, akavuta, na upande wa pili wakaitika. Anasema alicheka. Siku nne hakuwa amecheka. Akamwambia, Chande, kuna mtu kule, wananivuta. Akajifunga nao kiunoni, akajitosa. Akakaribia kabisa. Kisha mshipi ukalegea, na chombo kikaondoka. Yeye hakuwa na nguvu ya kurudi."

Somoe alijua kabla ya kutazama, lakini alitazama. Mshipi uliobaki wakati wa kukatwa: mita tisa. Samaki akinasa, Kipofu hutulia. Mshipi ukikatika, hurudia amri yake. Mtu aliyechoka, mita tisa kutoka kwenye uhai, alikuwa kitu kinachokuja, na Kipofu kikamkwepa kama kilivyofundishwa na dada yake.

"Nilimhurumia," Dakta Massawe alisema. "Nilihisi kachoka. Nilimwachia kwa huruma, mwanangu."

"Najua, mama."

"Zilibaki mita ngapi?"

"Tisa."

Yule mama alijaribu kuiweka fimbo chini, vidole vikakataa kufunguka. Somoe akapiga magoti, akamfungua kimoja kimoja.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Somoe, redio imetangaza wamempata mmoja, hai. Hawakutaja jina. Niko na Zamda hapa. Ni yupi?"

Somoe alifumba macho. "Ni Chande, mama."

Kisha akasikia simu ikiwekwa chini, na sauti ya mama yake, taratibu, ikisema: "Inuka, Zamda mwanangu. Mumeo anarudi."

Zamda aliangua kilio. Na juu ya kilio kile mama yake Somoe akapiga kigelegele, kimoja, kirefu, kama inavyompasa mwenye furaha kupigiwa. Sauti ilimkatika katikati. Akaanza tena, akakimaliza.