Mchoro wa Tisa

Jua lilikuwa linazama mchunguzi wa rangi aliposhuka ngazi za chumba cha chini, kuchukua chembe moja tu ya wekundu ukutani. Ya asubuhi ilikuwa imeoza ndani ya kichupa. Madini hayaozi, kila mtu maabarani anajua hivyo, ndiyo maana mkuu wao alimlaumu yeye: "Umeshika nyama, kisha ukaja kushika kazi."

Alikuwa amefuata nyayo za dada yake, mchoraji aliyenakili picha za ukuta ule wa kale mpaka siku alipoingia chumbani humo asionekane tena. Miezi saba sasa. Hata viatu havikupatikana.

Aliwasha taa. Watu wekundu walisimama mstari mmoja, wamekauka kama kutu. Wa mwisho tu ndiye aliyekuwa na rangi mbichi, inayong'aa. Akamwekea kisu begani, akakwangua.

Kisu kikazama.

Ukuta ulikuwa laini... wa vuguvugu. Harufu ya kidonda kilichofungwa siku nyingi ikampiga puani. Ute mzito ukamtiririkia vidoleni, una unywele ndani yake. Akajikaza kisabuni, akachota chembe.

"Mdogo wangu... taratibu," sauti ikatoka ukutani.

Alipanda ngazi bila kujua miguu iko wapi. Mlangoni akatapika mpaka nyongo. Mlinzi mzee akamshika bega, akanong'ona:

"Umekwangua wa ngapi?"

"Wa mwisho. Wa tisa."

"Mwaka jana, mwanangu, walikuwa wanane."

Kesho yake mashine ikatoa majibu. Wale wanane, waliopimwa zamani, walikuwa udongo wenye chuma, chokaa na mchanga. Huyu alikuwa na chuma bila udongo. Na mafuta. Na chumvi.

"Ni damu, mkuu," alisema. "Tusiuguse tena ule ukuta. Nakuomba."

Mkuu akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Msomi mzima unaogopa picha?" Akachukua kisu kikubwa zaidi, akashuka mwenyewe.

Mchunguzi alisimama juu ya ngazi na mlinzi.

Kwaru... kwaru...

Kisha kilio. Kile kile cha utotoni, siku dada yake alipomwagikiwa na uji wa moto. Akaziba masikio, kilio kikazidi. Mlinzi aliinamisha uso.

Mkuu alipanda akipiga mluzi, kisanduku kimejaa, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Umesikia chochote?" mchunguzi aliuliza.

"Nisikie nini? Rangi safi sana hii!"

Kabla mchunguzi hajaweza kumshika mkono, mkuu alitia kidole mdomoni, akamung'unya kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Ina chumvi kidogo," alisema.

Akalamba tena.