Mtamba wa Halima na Gesi ya Bandani

Je, wewe unayesoma, umewahi kuwasha moto kwa kuni mbichi, mwezi wa saba, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga? Kama umewahi, basi taabu ya Halima unaijua.

Halima alikuwa mke wa Hashimu, mkulima wa kabichi na karoti huko Malindi, Lushoto. Waliishi na watoto wao wawili, Aisha na mdogo wake, pamoja na Bibi Mwanaisha, mama mzazi wa Hashimu. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la ng'ombe. Humo mlikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba wake, jike ambaye hajazaa bado, jina lake Tunu. Ng'ombe hao hawakwenda malishoni. Walilishwa bandani, na aliyewakatia majani ni Halima. Mzigo mmoja asubuhi, mzigo mmoja alasiri.

Kuni zilikuwa taabu. Msitu wa hifadhi ulikuwa karibu, lakini ruhusa ya kuokota kuni kavu ilikuwa siku mbili tu kwa wiki. Na wanawake walikuwa wengi kuliko kuni. Kwa hiyo chai ya asubuhi Halima aliipika kwa jiko la mafuta ya taa, lile la tambi. Jioni palikuwa na taa ya chemli sebuleni na kibatari jikoni. Vyote hivyo vilikunywa mafuta.

Zamani mafuta ya taa yalikuwa ya kupanga foleni. Ungeweza kusimama tangu asubuhi na kurudi na chupa tupu. Sasa biashara ilikuwa huria. Mafuta yalikuwapo dukani kila siku, pipa zima. Lakini kila lori jipya lilikuja na bei mpya, na bei hiyo haikushuka kamwe.

Siku moja alasiri Hashimu aliitikisa chupa ya mafuta. Haikulia.

"Mama Aisha, mafuta yameisha tena?"

"Yameisha."

"Si nilinunua juzi?"

"Ya juzi tulipikia juzi, baba Aisha."

Hashimu akaiweka chupa chini. "Haya, basi. Tulete umeme. Nguzo zimeshafika barabarani. Tunamwuza Tunu, tunavuta waya, tunaachana na habari ya chupa."

Mwiko wa Halima ulisimama ndani ya sufuria. Tunu alizaliwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyemfundisha kunywa maziwa kwenye ndoo, kwa kumtia kidole mdomoni mpaka akajua. Alikuwa akiihesabu miezi mpaka Tunu azae. Lakini tangu aolewe, Halima hakuwa na desturi ya kumkatalia mumewe.

"Wewe ndiye baba wa nyumba," alisema. Kisha akakoroga tena.

Wiki ile akaja Bakari, mnunuzi wa ng'ombe. Alimzunguka Tunu mara mbili. Akampapasa mgongo, akamtazama meno.

"Amepandishwa huyu?"

"Mwezi uliopita," alijibu Hashimu.

"Basi tusiharakishe. Mtamba mwenye mimba ana bei yake. Nitarudi mwezi wa pili, mimba ikiwa inaonekana. Usimpe mtu mwingine."

Halima alikuwa mlangoni mwa banda na mzigo wake wa majani kichwani. Hakuna aliyemwuliza neno.

Mwezi wa nane alipita dada Esta, bibi mifugo, yaani afisa wa mifugo wa eneo lile. Alikuwa mtu wa kutembea sana. Viatu vyake vya mpira vilijulikana kila kitongoji. Alimwamkia Bibi Mwanaisha shikamoo, akapewa kigoda. Hashimu akamweleza habari ya umeme na Tunu.

"Umeme ni kitu kizuri," alisema Esta. "Lakini nikuulize, baba Aisha. Hapa nyumbani, kazi gani inakula mafuta kuliko zote?"

"Taa, bila shaka."

Halima akajibu taratibu, bila kuinua macho. "Jiko. Chupa moja ya taa inakwenda siku nne. Jiko linaimaliza kwa siku mbili."

"Umesikia?" Esta akamgeukia Hashimu. "Sasa jirani zako wenye umeme, wanapikia nini?"

Hashimu akafikiri. "Kuni. Wanasema jiko la umeme linazungusha mita kama feni."

"Basi waya utakupa taa, lakini kuni na jiko la mafuta vitabaki palepale. Anza na kinachokula zaidi. Na dawa yake inalala bandani kwako."

Esta akawaeleza. Kinyesi cha ng'ombe kikichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipoingia hewa, hutoa gesi. Gesi hiyo huwaka. Upo mtambo wa matofali, lakini ni ghali. Upo na wa mfuko mrefu wa nailoni nene, unaolazwa kwenye handaki. Huo ni nafuu, ingawa baada ya miaka michache mfuko hubadilishwa.

Bibi Mwanaisha akaacha kuchambua maharage. "Ngoja, mwanangu. Mimi mtu wa swala tano. Unataka kuninywesha chai ya mavi?"

"Hapana, bibi. Mavi yanabaki kwenye mfuko huko nje. Kinachokuja jikoni ni hewa tu, kwenye bomba. Na sufuria ina mfuniko wake."

"Mh! Nitaanza kukuona wewe ukinywa."

"Nitakuja kunywa, bibi. Niwekee na mhogo."

"Na ng'ombe wangapi wanatakiwa?" aliuliza Hashimu.

"Wawili wa kulishwa bandani wanatosha nyumba kama hii. Mmoja hatoshi, hasa kwa baridi yetu."

Hashimu akakuna kidevu. "Tunu ana mnunuzi. Tutajaribu mpaka mwezi wa pili. Gesi isipotosha, Bakari anamchukua."

Kesho yake Halima alikwenda kwa wenzake wa upatu, akaomba apewe zamu yake mapema. Fedha hizo zilinunua nailoni, bomba, koki na jiko la gesi. Hashimu alichimba handaki mahali penye jua. Mfuko ukalazwa, wa nailoni mbili, mmoja ndani ya mwingine. Juu yake wakajenga kipaa cha majani, maana jua kali huila nailoni. Pembeni wakazungusha ua, kuzuia kucha za kuku na kwato za mbuzi.

Esta alimfundisha Halima kulisha mfuko. "Kila asubuhi ndoo mbili za kinyesi kibichi, na kwa kila ndoo moja ya kinyesi, mbili za maji. Toa majani na mawe. Koroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Maji ya sabuni usitie. Dawa ya kupe usitie. Vijidudu vinavyotengeneza gesi vitakufa."

Akamwonya pia. "Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, usiguse kiberiti. Funga koki, fungua mlango na dirisha. Kisha pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja."

Walingoja wiki sita. Mfuko ulivimba kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, mbele ya Esta, Halima aliwasha kiberiti, akafungua koki. Moto wa buluu ukazunguka jiko, hauna moshi, hauna masizi. Chai ikachemka. Esta akanywa vikombe viwili. Bibi Mwanaisha akamtazama kooni mpaka akamaliza, ndipo naye akanyoosha mkono.

"Niongeze sukari," alisema. "Haina harufu."

Tangu siku hiyo jiko la tambi likakaa uvunguni mwa kitanda. Chai, uji na mboga vilipikwa kwa gesi. Maharage na makande, ambayo huchukua muda mrefu, bado yalitaka kuni, lakini mizigo ya kuni ilipungua kwa nusu. Mafuta yalibaki ya taa tu.

Lakini mwezi wa kumi haukwisha, gesi ikaanza kufifia. Mfuko ukanywea. Chai ikawa haifiki kuchemka. Halima akakagua bomba kwa povu la sabuni, maungio yote, moja baada ya jingine. Hapakuwa na pa kuvuja.

"Si nilisema?" alisema Hashimu. "Mambo ya mifuko haya. Mwezi wa pili hauko mbali."

Halima akatuma salamu kwa Esta, na Esta akaja siku ya tatu. Alitazama mfuko. Alitazama bomba. Kisha akaingia bandani.

"Mama Aisha, unalisha ndoo ngapi?"

"Mbili, kama ulivyosema. Lakini wiki hizi nikifika bandani asubuhi nakuta kinyesi nusu ndoo tu. Nikafikiri ng'ombe wanaumwa."

"Wanakula vizuri?"

"Wanamaliza majani yote."

"Basi ng'ombe anayekula vizuri kinyesi chake kinakwenda wapi?"

Bibi Mwanaisha, aliyekuwa akiota jua ukutani, akajikohoza.

"Mwulizeni mwanangu. Akitoka kuswali alfajiri anapita bandani na karai. Mimi ni mzee, macho hayaoni, lakini pua ninayo."

Hashimu akatazama chini.

"Baba Aisha!" Halima akashika kiuno. "Ni wewe?"

"Sasa nifanyeje?" alisema Hashimu kwa sauti ya kulalamika. "Vuli imeanza, naandaa matuta. Mbolea ya dukani siku hizi haishikiki. Samadi yote mnaipa mfuko. Kabichi zangu nazo zile gesi?"

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Esta naye akacheka, lakini akamshika Hashimu mkono, akampeleka upande wa pili wa mfuko. Huko tope jeusi lilikuwa likitoka polepole na kujaa kwenye shimo.

"Unaona hili?"

"Takataka. Gesi imeshatoka, nguvu zimekwisha."

"Hapo ndipo ulipokosea. Gesi ndiyo iliyotoka. Chakula cha mmea kimebaki. Tena mbegu nyingi za magugu zimekufa humo ndani, na tope hili haliunguzi miche kama samadi mbichi. Nusa."

Hashimu akainama. Akanusa. "Halinuki sana."

"Usiniamini kwa mdomo. Fanya matuta mawili, jirani kwa jirani. Moja tia samadi ya zizini, yako ya siku zote. La pili tia tope hili. Kabichi zenyewe zitakuambia."

Hashimu akakubali, maana mkulima hakatai jaribio. Karai likaachwa. Halima akarudi kwenye ndoo zake mbili, na baada ya wiki mbili mfuko ukavimba tena.

Kabichi zikaota, zikakua, zikafunga. Hashimu alikwenda kuzitazama kila asubuhi, akizipima kwa viganja. Tuta la tope halikutaka palizi mara nyingi. Na vichwa vyake vilikuwa vizito, vimefumbata. Mwezi wa kwanza, bila kuambiwa na mtu, alichukua jembe, akachimba mfereji kutoka kwenye shimo la tope hadi shambani. Alichimba siku tatu.

Mwezi wa pili Bakari akaja, kama alivyoahidi. Tunu alikuwa amejaa, tumbo limeteremka. Bakari akampapasa, akatabasamu.

"Hashimu, huyu nampandishia bei. Leta kamba."

Hashimu alikuwa kwenye mfereji wake, matope mpaka magotini. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Alitazama mfuko uliovimba. Alitazama kabichi. Mwishowe akamtazama mkewe, aliyekuwa ametua mzigo wa majani mbele ya Tunu.

"Nguzo bado ziko barabarani," alisema. "Hazikimbii. Mama Aisha, wewe ndiye unayemlisha huyu. Unasemaje?"

Bakari akashangaa. Halima naye akashangaa. Alikung'uta majani mabegani, akaweka mkono shingoni kwa Tunu. Sauti yake ilianza kidogo, kisha ikapata nguvu.

"Shemeji Bakari, utanisamehe kwa safari yako. Tunu sitaki auzwe. Tangu siku ile ulipomtazama meno sikutaka, ila nilinyamaza. Nataka azae hapa hapa, nikiwepo. Na akizaa, maziwa ya asubuhi achukue baba Aisha. Ya jioni nataka niuze mimi."