Maonyo Aliyoyazima Chapchap

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chapchap alipita kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna kazi asiyoilipua. Mayai yalikuwa ya mama yake, lakini programu ya kuwasha na kuzima taa za joto aliiandika yeye, akifundishwa na shangazi.

Siku hiyo aliweka toleo jipya la kompaila, ile inayogeuza maandishi ya programu yawe lugha ya mashine. Skrini ikajaa maonyo: sehemu ya programu inayosoma kipimajoto ilitengenezwa kwa kompaila ya zamani, huenda isielewane na sehemu mpya.

"Kelele zote hizi za nini?" Chapchap akafoka. Akaandika amri ya kuzima maonyo yote, akaiwasha programu, huyoo, akaenda kucheza.

Jioni mama alifungua mashine. Alirudi ndani amefura.

"Chapchap! Skrini inasema joto liko sawa, mbona mkono wangu unaungua? Umegusa nini?"

"Labda taa, mama..."

"Taa gani! Nakuuliza wewe!"

Shangazi alikuja mbio, akatazama kompyuta. "Wifi, huyu amezima maonyo," alisema, na sauti yake ikapanda. "Sehemu ya zamani inapanga namba kivyake, mpya inazisoma kivyake. Joto likipanda, programu haijui!"

"Si ungeniambia mapema!" Chapchap alijibu kwa jeuri, machozi ya hasira yakimlengalenga.

"Kompaila ilikuambia."

Shangazi alimkalisha chini, akamwamuru ayarudishe maonyo, afute sehemu zote za zamani na kuzitengeneza upya kwa kompaila mpya. Safari hii halikutokea onyo hata moja. Namba ya skrini ikalingana na kipimajoto cha mkononi cha mama.

Asubuhi mama alimulika mayai kwa tochi, moja moja. Ya trei ya chini yalikuwa hai. Ya trei ya juu, karibu na taa, yote yalikuwa yamekufa. Alipasua moja mbele ya Chapchap. Kifaranga kilikuwa kimeshaota manyoya.

Chapchap alijichukia.

"Onyo halikugombezi, mwanangu," mama alisema, hasira bado haijamtoka. "Linakuonyesha usichokiona. Wewe umelifunga mdomo, na aliyeumia ni huyu."

Akamkabidhi trei nzima akazike.